Krapf: Mkusanya miswada ya kale aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui

MNAMO Desemba 3, 1849, mawingu yaliyokuwa yametanda upande wa kaskazini mwa Kitui yalifunguka kwa muda, na mmishenari mmoja Mjerumani akauona mlima ambao hapakuwa na Mzungu aliyewahi kuandika kwamba ameuona kwa macho yake. Aliona vilele viwili vilivyosimama kama pembe, na juu yake kitu cheupe ambacho hakusita kukiita theluji.

Mtu huyo alikuwa Dkt Johann Ludwig Krapf. Wakenya wengi humkumbuka kwa mlima huo, kwa kituo cha Rabai na kwa kamusi yake ya Kiswahili. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa pia mkusanyaji wa vitabu na miswada ya kale, na kwamba ugomvi mkubwa kabisa uliomkabili barani Ulaya ulikuwa baina yake na msomi aliyeamini vitabu vikuukuu vya mabaharia kuliko macho ya msafiri.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana huyo alipelekwa shuleni Tübingen, na huko, kupitia kwa muuza vitabu mmoja, kikamfikia kitabu cha safari za James Bruce, Mskoti aliyezuru Uhabeshi katika karne ya 18. Ramani na kitabu hicho vilimtia shauku ya Afrika ambayo haikumtoka tena maishani.

Alisomea kazi ya umishenari mjini Basel na baadaye akaajiriwa na Church Missionary Society, CMS, ya Uingereza. Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi. Katika ufalme wa Shoa alijifunza lugha za nchi, na popote alipopata nafasi alitafuta miswada ya Kigiizi, au akaomba inakiliwe kwa mkono.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwaka 1842, alipokuwa njiani kuondoka Shoa, alitekwa na kuporwa karibu kila alichokuwa nacho. Hata hivyo, miswada mingi aliyoikusanya ilifika Ulaya, na sehemu yake ikahifadhiwa katika chuo kikuu cha Tübingen. Miongoni mwayo ilikuwamo nakala ya Kitabu cha Yubile, maandiko ya kale ya Kiyahudi ambayo wasomi wa Ulaya walidhani yamepotea, isipokuwa vipande vichache. Kutokana na nakala hiyo msomi August Dillmann alitoa tafsiri ya Kijerumani mnamo 1850 na 1851.

Uhabeshi ulipofungwa kwa wamishenari, Krapf aligeukia pwani ya Waswahili. Alifika Unguja Januari 1844, akapata barua ya ruhusa kutoka kwa Sultani Sayyid Said, kisha akahamia Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo homa ilimuua mkewe, Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Krapf hakuondoka. Akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin, alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na sura za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Mwaka 1846 alijiunga naye Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, na wawili hao wakaanzisha kituo cha Rabai.

PWANI ILIYOANDIKWA, BARA ISIYOANDIKWA

Ili kuelewa uzito wa yaliyotokea Kitui, ni lazima kutazama vitabu vilivyokuwa katika maktaba za Ulaya wakati huo. Takriban yote yaliyojulikana kuhusu Afrika Mashariki yalitoka kwa watu wa baharini. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara Mgiriki aliyeishi Misri aliandika mwongozo wa mabaharia uliotaja bandari za pwani hii hadi soko la Rhapta. Mwaka 1519, Mhispania Martín Fernández de Enciso alichapisha kitabu cha jiografia kwa ajili ya mabaharia, akataja kwamba magharibi mwa Mombasa kuna mlima mrefu mno. Mwaka 1552 ilitoka juzuu ya kwanza ya historia ya João de Barros kuhusu safari na vita vya Wareno katika Bahari Hindi.

Vitabu hivyo vilijua kina cha bandari, majira ya pepo na majina ya wafalme wa visiwani. Lakini vilikomea ufuoni. Hapo palipokauka maji ndipo ujuzi wake ulipokauka.

Ujuzi wa bara ulikuwa kwa watu wengine. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba, ambayo huenda ilikuwa na mamia ya watu, ilisafirisha pembe za ndovu kutoka Ukambani hadi pwani. Mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, mtu mwenye mali, watumwa na wafuasi wengi, aliyejulikana kuanzia nyanda za mto Tana hadi Mombasa. Ramani ya nchi aliibeba kichwani.

Novemba 1849, Krapf aliondoka Rabai na msafara wa kwenda Ukambani. Walipita Taita, wakavuka Tsavo, wakaingia Kikumbulyu, eneo la Kibwezi katika kaunti ya leo ya Makueni. Kutoka huko walivuka mto Athi na kupanda uwanda wa Yatta kuelekea Kitui. Kivoi alimpokea, na katika mazungumzo yao akamwelezea mlima mkubwa ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuona katika safari zake. Wakamba waliuita Kiinyaa. Siku chache baadaye mlima ukajionyesha.

VITA VYA MAKTABA

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Mei 11, 1848, Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro. Habari za theluji karibu na ikweta zilipofika London, William Desborough Cooley alizipinga vikali. Cooley hakuwa mtu wa kubezwa. Alikuwa amechambua maandishi ya Waarabu na ya Wareno, akiwemo Barros, kwa bidii ambayo wachache waliifikia, ingawa hakuwahi kukanyaga nchi alizoziandika. Kwake, theluji ya wamishenari ilikuwa njozi. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu Afrika ya ndani na kuendeleza ubishi huo.

Hapa ndipo tofauti ya watu hawa wawili wapenda vitabu ilipodhihirika. Cooley alikichukulia kitabu cha kale kama hakimu. Krapf alikichukulia kama shahidi mmojawapo, ambaye neno lake hupimwa pamoja na neno la Kivoi na la wachukuzi wa misafara. Kwa hiyo hakukaa akingoja maktaba imruhusu kuamini. Mapema mwaka 1850 alisafiri kwa chombo cha pwani, akiwa na mmishenari Jakob Erhardt, kutoka Mombasa hadi Rasi Delgado, akiuliza habari katika kila bandari.

Mwaka huo huo alirudi Ulaya kwa mara ya kwanza baada ya miaka 13, na mjini Tübingen zikachapishwa kazi zake kadhaa. Zilikuwamo sarufi ya Kiswahili, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na Injili ya Marko kwa Kikamba. Lugha ya watu wa Kitui na Makueni ikaingia katika kitabu cha chapa.

KIFO CHA KIVOI

Julai 1851, Krapf alianza safari ya pili, akikusudia kufungua kituo cha umishenari Yatta. Msafara ulishambuliwa na wanyang'anyi njiani, na mipango ya kituo ikavunjika mapema. Akaenda kwa rafiki yake Kivoi, ambaye alikuwa akijiandaa kwa safari ya upande wa mto Tana.

Mwezi wa Agosti, wakiwa hawajafika mtoni, walivamiwa na kundi kubwa la wanyang'anyi. Wafuasi wengi walitawanyika. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake. Krapf alikimbilia porini peke yake, bila chakula wala maji, hadi akafika Tana akiwa hoi kwa kiu. Hakuwa na kibuyu. Alijaza maji katika ala ya ngozi ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaziba kwa majani, kisha akatembea usiku na kujificha mchana. Njaa ilipomzidi alikula majani ya miti, hata baruti.

Alipofika Kitui hakupata faraja. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkuu wao. Mgeni huyu aliyekuwa akiandika daima katika karatasi zake alidhaniwa kuwa mganga mwenye uwezo mkubwa, basi kwa nini hakumkinga mwenyeji wake? Akihofia maisha yake, alitoroka usiku na baada ya taabu nyingi akafika Yatta, kisha Rabai. Kituo cha Ukambani hakikusimama.

MISWADA YAENDA HALLE

Afya ilipomshinda, Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Mwaka uliofuata aliikabidhi jumuiya ya Wajerumani ya elimu ya nchi za Mashariki, yenye maktaba yake mjini Halle, miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Miongoni mwayo ulikuwamo Chuo cha Herkal, utenzi wa kale unaojulikana pia kama Utendi wa Tambuka, ambao Carl Büttner aliuchapisha Ujerumani katika miaka ya 1880.

Jambo hili lina pande mbili. Bila Krapf, huenda nakala hizo zingeliwa na mchwa na unyevu wa pwani. Lakini nakala zilihama, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa Berlin alizifikia kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Mombasa. Tena Krapf huyo huyo ndiye aliyeshauri Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu, akihofia nguvu ya Uislamu. Aliyeokoa maandishi ya kale alichangia pia kuwafanya wajukuu wa waandishi wake washindwe kuyasoma.

Kuhusu theluji, muda uliamua. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya Kilimanjaro na kuithibitisha. Mwaka 1883, mwaka aliofariki Cooley, Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya kutoka upande wa Laikipia. Halford Mackinder alifika kileleni mwaka 1899. Nayo ramani ya Erhardt na Rebmann, iliyochapishwa katikati ya miaka ya 1850 kutokana na habari za watu wa misafara, ilionyesha bahari kubwa ndani ya bara. Umbo lake lilikuwa na makosa, lakini ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke ya mwaka 1857.

Krapf alitoa habari za safari zake kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Alifariki Novemba 26, 1881, katika mji wa Korntal, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, naye hakuwahi kuishika.

Kivoi hakuacha kitabu. Alichokijua kuhusu njia, mito na milima kimesalia kwa sehemu tu, katika kurasa za mgeni aliyempokea nyumbani kwake. Lakini jina la mlima, kama lilivyotamkwa Ukambani na kuandikwa na Krapf, lilienea katika ramani za dunia. Mwaka 1920 Waingereza walilitumia kuiita koloni yao Kenya, na nchi huru ikalirithi mwaka 1963.