Friedl Dicker-Brandeis, Mwalimu wa Watoto wa Ngomeni

Sisi tulio jirani na kambi za jeshi na vituo vya polisi, tangu Nkoma hapa Mbale hata Jinja, twamfahamu vyema mtoto wa askari. Amezoea shule moja, mara baba amepata uhamisho; amezoea sauti ya baba, mara baba amekwenda vitani na barua haziji. Aghalabu mtoto huyo hasemi neno. Huvunja kikombe, humpiga mdogo wake, au hukojoa kitandani hali amekwisha kuwa mkubwa, na mzazi aliyezoea kutoa amri hudhani kuwa amri itatosha. Hata wasio wa kambini wana hayo. Mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika mjini Mbale mwisho wa Julai 2022 na kuua watu, wapo watoto waliobaki wakishtuka kila mvua inaponyesha. Kwa ajili hiyo twapenda kuyasimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Ulaya ambaye kazi yake ilikuwa kuipa mikono ya watoto kitu cha kushika, ili hofu iliyomo moyoni ipate njia ya kutokea.

Friedl Dicker alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 30 Julai 1898, katika nyumba ya Wayahudi maskini. Mama yake alifariki Friedl akiwa na umri wa miaka minne. Baba alikuwa mfanyakazi wa duka la karatasi na vifaa vya kuandikia, na binti alikulia humo, akichezea karatasi, rangi na udongo. Hatuoni ajabu kwamba yatima huyo baadaye aliwaelewa yatima wengine.

Alisomea kupiga picha na kufuma nguo, kisha akawa mwanafunzi wa Johannes Itten, akamfuata hata shule ya Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Itten alikuwa na desturi iliyowachekesha wengi: kabla ya kuchora, wanafunzi walinyosha viungo na kuvuta pumzi taratibu, kisha walipapasa vitu, kikwaruzi na laini, ili mkono ujue kabla ya jicho. Askari hatacheka, maana yeye naye hufundishwa kutuliza pumzi kabla ya kufyatua risasi. Friedl aliyashika hayo maisha yake yote.

Aliporudi Vienna alifungua karakana pamoja na Franz Singer. Walitengeneza viti, vitanda na nyumba, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaitengeneza shule ya chekechea katika majengo ya wafanyakazi yaitwayo Goethehof. Mwaka 1934, baada ya mapigano ya mjini Vienna, alikamatwa na polisi kwa kosa la hati za kusafiria za kughushi, kwa kuwa alikuwa Mkomunisti aliyewasaidia wenzake. Twaandika haya kwa wasomaji walio polisi, nasi hatuoni sababu ya kuyaficha. Alipotoka kifungoni alihamia Prague, Chekoslovakia, akawa anawafundisha kuchora watoto wa wakimbizi waliokuwa wameikimbia serikali ya Hitler. Mwaka 1936 aliolewa na Pavel Brandeis. Wajerumani walipozidi kukaribia alipata ruhusa ya kwenda Palestina, lakini mumewe hakuipata, naye akakataa kuondoka peke yake.

Mwezi Desemba 1942 wote wawili walipelekwa Terezín. Mji huo ulikuwa ngome, uliojengwa mwisho wa karne ya 18 kwa ajili ya askari. Zamani ulikuwa na watu wapatao 7,000, wanajeshi na raia pamoja. Wanazi waliugeuza kuwa mji wa kuwafungia Wayahudi, na katika mwaka 1942 idadi ilipita 50,000. Kila mtu aliruhusiwa kuchukua mzigo wa kilo 50. Wengine walifunga makoti na chakula. Friedl alijaza rangi na karatasi.

Watoto waliwekwa katika nyumba zao, mbali na wazazi, wakilala juu ya vitanda vya ghorofa tatu. Kuwasomesha kulikatazwa, lakini kazi za mikono na kuchora viliachwa, kwa kuwa wakubwa wa ngome waliviona ni upuuzi. Friedl aliishi katika nyumba ya wasichana, L 410. Karatasi yake ilipokwisha aliokota fomu zilizotumika maofisini, akawapa watoto wazikate na kubandika vipande, upande wenye maandishi ukawa ukuta wa nyumba au bahari. Alianza somo kwa pumzi na kwa mdundo: yeye agonga meza, watoto wafuata kwa penseli, mstari juu, mstari chini, hata mikono iliyokuwa ikitetemeka itulie. Kisha aliwaachia wachague wenyewe.

Hapa pana jambo tungependa wazazi walitazame kwa makini. Hakuwaagiza watoto wachore njaa wala magari-moshi ya kuwachukua watu. Wala hakuwakataza. Wengi walichora vipepeo, meza zenye chakula, vitanda vya nyumbani. Wachache walichora maiti na foleni za mkate. Yeye hakuwarekebisha ili picha ipendeze. Alichosisitiza ni kimoja, kila mtoto aandike jina lake na umri wake, mahali ambapo serikali ya kambi ilikuwa imempa namba.

Ndugu askari mwenye mtoto wa kukaa kimya hahitaji rangi ya dukani. Udongo wa mfinyanzi upo mtoni, majani makavu ya migomba yapo nyuma ya nyumba, na mtoto wa Bugisu hufunga mpira wa majani hayo bila kufundishwa. Kinachohitajika ni mzazi kuketi naye, asimhoji, aache mikono ifanye.

Tarehe 28 Septemba 1944 Pavel alisafirishwa kwenda Auschwitz. Friedl aliomba apelekwe nyuma yake. Aliondoka tarehe 6 Oktoba, pamoja na baadhi ya wanafunzi wake, na tarehe 9 Oktoba 1944 aliuawa kwa gesi. Mwezi huohuo askari wa KAR, wa Uganda miongoni mwao, walikuwa wakisonga mbele katika bonde la Kabaw, Burma, kwa vita hivyohivyo. Pavel, ambaye mkewe alikuwa amemfuata, alisalimika, akaishi hata mwaka 1971.

Mwanafunzi wake wa Prague, Edith Kramer, aliyekuwa amehamia Marekani mwaka 1938, alikuja kuwa mmoja wa waasisi wa taaluma ya kuwatibu watoto wenye majonzi kwa njia ya sanaa. Yeye alifariki mwaka 2014.

Kabla ya kupanda gari-moshi Friedl alikuwa ameficha masanduku mawili katika nyumba ya watoto. Mwezi Agosti 1945, vita vikiwa vimekwisha, mlezi mmoja aliyesalimika aliyapeleka Prague. Ndani yake mlikuwa na picha zipatazo 4,500, ambazo leo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini humo. Wengi wa waliozichora waliuawa. Katika pembe ya picha majina yao yasomeka, na umri: miaka kumi, miaka kumi na miwili.