Herman Hollerith: Mtu aliyeiwezesha mashine kujibu maswali ya sensa

Tanzania ilipofanya sensa Agosti 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na mwishoni mwa Oktoba tukatangaziwa kuwa tuko watu milioni 61.7. Mwaka 1890 Marekani nayo ilihesabu watu wake ikapata karibu idadi hiyohiyo, milioni 62 na zaidi. Wakati huo kompyuta hazikuwepo, lakini mashine ilikuwepo. Wiki hii tunawaletea maisha ya mhandisi aliyeibuni, Herman Hollerith.

Alizaliwa Februari 29, 1860 mjini Buffalo, jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Shuleni alisumbuliwa sana na kuandika maneno kwa usahihi, hata ikabidi atafutiwe mwalimu wa pembeni. Hata hivyo mwaka 1879, akiwa na miaka 19, alihitimu uhandisi katika Chuo cha Columbia. Profesa wake mmoja akamchukua kufanya kazi kwenye sensa ya 1880.

Huko ndiko alikoliona tatizo. Karatasi zote zilihesabiwa kwa mkono. Kujua wanaume ni wangapi haikuwa shida kubwa. Lakini mtu akitaka kujua wanaume wangapi wa umri fulani, waliozaliwa nje ya nchi na wanaofanya kazi fulani, makarani walipaswa kuzipitia karatasi upya. Sensa ile ilichukua takribani miaka saba kukamilika, na nyingine ilikuwa imeshakaribia.

Daktari John Shaw Billings, aliyeshughulikia takwimu za vifo, alimdokezea kuwa kazi hiyo ilifaa kufanywa na mashine. Hollerith pia aliwahi kuwaona makondakta wa treni wakitoboa tiketi kuonyesha abiria alivyo, kwa mfano rangi ya nywele zake, ili tiketi isitumiwe na mtu mwingine. Akapata wazo: kila mtu aliyehesabiwa awe na kadi yake, na kila jibu lake liwe tundu.

Je, mashine ilifanyaje kazi? Kadi iliwekwa chini ya kibanio chenye sindano nyingi. Penye tundu, sindano ilipita na kugusa zebaki, umeme ukapita, na mshale ukasogea hatua moja kwenye mojawapo ya saa 40 zilizokuwa mbele ya karani. Kengele ililia kumjulisha kuwa kadi imesomwa.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba waya ziliweza kupangwa upya. Ofisi ikitaka kuwajua wanawake wajane wa umri fulani, waya ziliunganishwa ili mshale usogee pale tu masharti yote matatu yanapotimia. Kesho likija swali jingine, zilipangwa vingine. Kadi zilikuwa zilezile, ripoti ilikuwa mpya, na hakuna aliyerudi kugonga milango ya watu. Leo katibu wa chama cha ushirika anayechagua kwenye kompyuta kijiji, msimu na kilo za pamba, kisha jedwali likatokea, anafuata njia hiyo.

Mwaka 1889 mashine ilishindanishwa na mifumo mingine miwili. Kazi ya kujumlisha ilimchukua Hollerith saa tano na nusu, wakati aliyemfuatia alitumia zaidi ya saa 44. Akapewa kazi ya sensa ya 1890. Baadaye Austria, Kanada, Norway na Urusi nazo zilitumia mashine zake.

Mwaka 1896 alianzisha kampuni. Mashine hakuziuza, alizikodisha, na bei ikazua ugomvi na ofisi ya sensa. Serikali iliona kuwa majibu kuhusu wananchi wake yanategemea mashine za mtu mmoja. Ikatengeneza za kwake, na sensa ya 1910 ikafanyika bila Hollerith. Mwaka 1911 kampuni yake iliunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 kampuni hiyo kubwa ikaitwa IBM.

Uzeeni alistaafu akawa anafuga ng'ombe shambani kwake. Alifariki Novemba 17, 1929 mjini Washington, akiwa na miaka 69.

Mashine ya Hollerith ilikuwa na mpaka mmoja ambao hata kompyuta za leo hazijauvuka. Ilijibu kile tu kilichotobolewa kwenye kadi. Nyumba iliyorukwa haikuonekana kwenye ripoti yoyote, hata waya zipangwe vipi. Mtoto aliyefichwa kwa karani hahesabiwi dawati wala chanjo. Karani wa sensa akifika mlangoni, tumjibu kwa ukamilifu, kwa sababu maswali ya miaka mingi ijayo yatajibiwa kwa kile tutakachomwambia siku hiyo.