Kepler, musoma nyota mwenye aliokoa mama yake kwa dosie



Mu mashimo ya almasi na ya zahabu ya Tshopo, neno nyota tunalisikia kila siku. Mutu akichimba miezi tatu bila kupata kitu, wanamwambia nyota yake imefungwa. Binti akikosa bwana, nyota yake imeibiwa. Mutoto akiugua homa isiyokwisha, wanatafuta nani mu jamaa amekamata nyota yake, na mara mingi kidole kinaishia kwa nyanya muzee ao kwa mutoto yatima. Kwa hiyo leo tunaeleza maisha ya mutu mwenye alijua nyota kuliko karibu watu wote wa wakati wake, na mwenye alikula mukate kwa kuzisoma. Jina lake ni Johannes Kepler. Watoto wetu wa sekondari wanakutana naye mu somo la fizika, lakini namna aliishi hawaambiwi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 mu muji mudogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa. Alikuwa anaenda vitani, anarudi, anaenda tena, na mwisho hakurudi. Mama yake, Katharina, hakujua kusoma lakini alijua majani ya dawa. Johannes alipata ndui akiwa mudogo, macho yake yakabaki zaifu maisha yote. Mu 1577 nyota yenye mukia ilionekana mbinguni, na mama ndiye alimupeleka pa kilima ili aione. Mama huyu mumukumbuke vizuri, tutamurudilia.

Johannes alikuwa mwerevu, akapewa musaada wa masomo, akaingia chuo kikuu cha Tübingen mu 1589. Alitaka kuwa pasta. Lakini mu 1594 wakamutuma Graz, mu inchi ya Austria, kufundisha hesabu. Pamoja na kufundisha, alipaswa kutengeneza kalenda ya kila mwaka yenye kutabiri baridi, mavuno na vita. Wakati ule, nyota zilikuwa mu kila jambo Ulaya. Waganga walitazama mwezi mbele ya kumutoa mugonjwa damu. Wakubwa waliuliza nyota mbele ya kuanza vita, na wazazi mbele ya kuoza binti.

Kalenda yake ya kwanza, ya mwaka 1595, ilitabiri baridi kali na mashambulio ya Waturuki. Yote mawili yakatokea, na jina lake likapanda sana. Lakini tuseme kweli: vita na Waturuki ilikuwa imeanza tangu 1593. Mutu yeyote mwenye alisikiliza habari angeweza kuiona. Kepler mwenyewe aliamini kwamba mbingu inaacha alama fulani juu ya tabia ya mutu wakati anazaliwa. Kile alikataa ni kusema kwamba nyota zinaonyesha siku na saa ya mambo yatakayotokea. Alisoma nyota za wakubwa juu ya kazi ile ilimupatia chakula.

Mu ndoa pia aliziona nyota. Tarehe 27 Aprili 1597 alioa Barbara Müller, mujane wa mara mbili, na aliandika kwamba mbingu ya siku ile ilikuwa mbaya. Akaoa hata hivyo. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa wachanga. Barbara mwenyewe alikufa mu 1611, na mwaka uleule ndui ikaua mutoto wao Friedrich. Alipotaka kuoa tena, alifikiria wanawake 11. Alipima tabia, afya na ukoo wa kila mumoja, akasikiliza mashauri ya watu. Mu 1613 akamuoa Susanna Reuttinger, yatima bila mali, hata kama watu walisema hafai kwa mutu wa cheo chake. Ndoa ile ndiyo ilimupatia raha.

Turudi nyuma kidogo. Mu 1600 walimufukuza Graz juu ya dini yake. Akaenda Prague kufanya kazi na Tycho Brahe, mwenye alikuwa amepima nyota kwa miaka mingi. Tycho akafa mu 1601, na Kepler akawekwa mukubwa wa hesabu wa kaisari Rudolf II. Pale alichukua vipimo vya Tycho juu ya sayari ya Mars, akahesabu miaka na miaka. Hesabu ilikuwa karibu kukubali, lakini tofauti kidogo ilibaki. Mwingine angeifunika. Yeye alibomoa kazi yote na kuanza tena, na mu 1609 akatangaza kwamba Mars haizunguki jua kwa duara kamili, ila kwa duara lililovutwa kidogo. Kaisari naye alitaka kutabiriwa kila siku. Kepler akawaandikia watu wake kwamba nyota ziondolewe kabisa mu mashauri ya utawala.

Sasa tufike kwa mama. Mu 1615, mu muji wa Leonberg, jirani mumoja, Ursula Reinbold, alisema Katharina alimupa kinywaji kichungu chenye kumuletea ugonjwa. Kiisha hapo kila mutu akakumbuka lake. Mwalimu mumoja akasema amelemaa juu ya kinywaji cha Katharina. Binti mumoja akasema mama yule alimugusa, na mukono ukaanza kumuuma. Katharina alikuwa mujane muzee, mwenye ulimi mukali, mwenye kupenda kupatia watu dawa zake. Sivyo wanavyoanza hata kwetu? Mu muji ule wanawake wengine walikuwa wamekwisha kuuawa kwa jina la uchawi.

Usiku mumoja wa Agosti 1620 walikuja kumukamata kwa binti yake, wakamubeba ndani ya sanduku. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Wakamufunga minyororo ya chuma, wakamuwekea walinzi wawili, na mali yake mwenyewe ndiyo ililipa chakula na kuni za walinzi wale.

Kepler aliacha kazi yake Linz, akasafiri mpaka kule. Tungefikiri musoma nyota wa kaisari angechukua saa ya kuzaliwa ya mama yake na kuonyesha tribinali kwamba nyota zake ni safi. Hakufanya vile. Aliomba dosie. Alitaka kila shitaka liandikwe, akalijibu moja kwa moja, kwa tarehe na kwa mashahidi. Ursula alikuwa mugonjwa mbele ya kinywaji kile, na alikuwa amekunywa dawa za watu wengine. Mwalimu aliumia siku aliruka mutaro akiwa na muzigo. Binti alikuwa anabeba matofali mengi, na mukono wa mwenye kubeba matofali unauma bila muchawi yeyote. Sisi wenye kubeba muchanga kila siku tunaelewa maneno yale bila mutafsiri.

Utetezi wa mwisho ulikuwa na kurasa 128, na sehemu yake iliandikwa kwa mukono wa Kepler mwenyewe. Tribinali haikumuachilia mama palepale. Mu Septemba 1621 walimuonyesha vyombo vya mateso ili aogope na kukubali. Mama akasimama, akakataa kusema uongo juu ya nafsi yake. Mu Oktoba wakamufungulia, kiisha miezi 14 ya kifungo. Alikufa mu Aprili 1622, lakini alikufa huru.

Mushahara nao ni hadisi ingine. Kaisari Rudolf aliahidi mingi, akalipa kidogo. Makaisari wenye kumufuata walimusukuma kutoka muji huu kwenda muji ule kutafuta pesa zake. Mu 1628 deni la zaidi ya gulden 11,000 liliwekwa juu ya Wallenstein, jemadari mukubwa mwenye Kepler alikuwa amemusomea nyota tangu 1608. Wallenstein alitaka kutabiriwa kila kitu cha kazi yake, na Kepler alimukatalia mara mingi. Mu 1630 jemadari akafukuzwa kazini, na mu 1634 akauawa. Wasoma nyota wote wenye alilipa hawakumuokoa. Kepler naye alipanda farasi, akaenda Regensburg kuuliza pesa zake. Akashikwa na homa njiani, akafa kule tarehe 15 Novemba 1630, na miaka 58. Vita ikaharibu hata kaburi lake.

Sisi wa sendika tunaona mambo mawili mu maisha haya. La kwanza: mutu mumoja, hata akiwa na akili kuliko wote, akidai mushahara yeye peke yake, anaweza kufa njiani. La pili ndilo kubwa. Kepler alijua mbingu vizuri sana, lakini siku mama yake alikuwa karibu kuchomwa, alitafuta ukweli hapa chini: nani alikuwa pale, siku gani, alikuwa anabeba nini, alikuwa mugonjwa tangu lini.

Maulizo yale hayagharimu hata franka moja. Shimo likibomoka, tuulize miti ya kushikilia ilikuwa wapi na mvua ilinyesha siku ngapi. Mutoto akiwa na homa, tumupeleke kwanza kituo cha afya wapime damu. Mali ikikosa, tutazame udongo na tutazame bei ya kontwari. Mwenye kukuambia kwamba nyota yako iko mikononi mwa nyanya yako, umuombe ushahidi kama Kepler aliomba dosie Leonberg. Na nyanya akianza kusemwa kijijini, tusingoje wafike na sanduku. Tuende kusimama mulangoni pake tukiwa wengi, na karatasi na kalamu mukononi.