Andrée de Jongh, binti aliyewavusha wanahewa

Koboko, mahali Uganda inapopakana na Sudan Kusini na Kongo, ni mji wa watu wanaojua maana ya kuvuka mpaka usiku. Baada ya vita vya mwaka 1979, familia nyingi za huko na za Arua zilikimbilia Zaire na Sudan, zikapokewa na watu wasiowafahamu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, huko Ulaya, kazi ya kuwavusha wakimbiwaji iliongozwa na binti wa Kibelgiji ambaye baadaye alikuja Afrika kuwauguza wagonjwa wa ukoma.

Andrée de Jongh alizaliwa Novemba 30, 1916, mtaani Schaerbeek, Brussels. Baba yake, Frédéric, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940, askari wa Uingereza waliokwama walifichwa majumbani. Ndege za mabomu zilipotunguliwa, vijana walioshuka kwa miavuli nao walihitaji maficho. Aliyemficha mmoja wao aliweza kuuawa.

Agosti 1941 Andrée alifika kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Bilbao, Uhispania, akiwa na askari mmoja wa Uingereza na Wabelgiji wawili. Maofisa walimshuku: binti mdogo namna ile alivukaje milima ya Pirenei? Yeye aliomba fedha za safari tu, akarudi kuwachukua wengine. Njia yake ikaitwa Comète. Kiongozi wa milimani alikuwa Florentino Goikoetxea, Mbaski wa magendo, na watu wa mpakani hawahitaji kuelezwa kwa nini alifaa. Andrée mwenyewe aliwasindikiza watu wapatao 118, wengi wao wanahewa.

Januari 15, 1943, mvua ilikuwa imeujaza mto Bidasoa, hivyo msafara ukangoja shambani Urrugne, upande wa Ufaransa. Hapo Andrée alikamatwa, pamoja na wanahewa watatu na mwenye nyumba, mjane Frantxia Usandizaga. Katika mahojiano, ili kumkinga baba yake, Andrée hatimaye alikiri kwamba mkuu wa njia ile ni yeye. Wajerumani hawakusadiki. Kwao, msichana hangeweza kuongoza kazi kubwa hivyo, na dharau hiyo ndiyo iliyomwepusha na risasi. Alipelekwa katika kambi za Ravensbrück na Mauthausen.

Baba yake hakupona. Alikamatwa Paris, akapigwa risasi Machi 28, 1944. Frantxia alifia Ravensbrück Aprili 1945, mwezi uleule Andrée alipofunguliwa.

Alipewa nishani na Uingereza, Marekani na Ufaransa. Yeye akachagua uuguzi, akaenda kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma karibu na Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka, Kongo. Baadaye alifanya kazi hiyohiyo Kameruni, Addis Ababa na Senegal. Afya ilipodhoofika alirejea Brussels, na huko akafariki Oktoba 13, 2007, akiwa na miaka 90.