Marehemu Abdulwahid Sykes na Subira Yake Katika Chama

Marehemu Abdulwahid bin Kleist Sykes, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924. Baba yake alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929, naye akafariki mwaka 1949 asione tunda la mti alioupanda.

Abdulwahid alikwenda vitani Burma, akarejea salama. Mwaka 1950 akawa katibu wa chama, kilichokwisha kuitwa TAA, na rais wake akawa Daktari Vedasto Kyaruzi, mtu wa Bukoba. Haukupita muda serikali ikamhamisha Kyaruzi, kwanza Kingolwira, kisha Nzega. Chama kikabaki bila kichwa, na Abdulwahid akaubeba mzigo wote.

Mwezi wa Aprili 1953 ulifanywa uchaguzi, akachaguliwa Julius Nyerere kuwa rais, na Abdulwahid akawa makamu wake. Hapa ndipo ulipo mtihani, ewe msomaji, maana wangapi wameshindwa uchaguzi wakaondoka na wafuasi wao? Yeye hakuondoka. Nyumba yake iliendelea kuwa baraza la wenziwe, na Nyerere mwenyewe alikuwa mgeni humo.

Agosti ya mwaka huo huo serikali iliwakataza watumishi wake wasiwe wanachama. Mtu wa pwani huenda asione uzito wa amri hiyo, kwani mjini walikuwako wafanya biashara wasiokula mshahara wa serikali. Lakini itazame Biharamulo, mbali huko magharibi ya Ziwa: ajuaye kalamu mara nyingi alikuwa karani wa boma au mganga wa hospitali. Akiondolewa huyo, nani ataandika barua za tawi? Nani atatunza daftari la ada? Chama kilikatwa mikono pasipo kufungwa mtu hata mmoja.

Juu ya hayo, tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, na kadi ya Abdulwahid ikawa ya 3. Mara ikakatazwa Usukumani, pamoja na Geita iliyopakana na Biharamulo, na katazo hilo likadumu mpaka 1958.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Katika baraza la mawaziri Abdulwahid hakuwamo. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1968, umri wake haujatimia miaka 44.