Padri Gregor Mendel na Swali la Wafuga Kondoo

Katika nchi za Ulaya hutokea kwamba mtu ana dume mweupe na majike weupe watupu, kisha siku moja akazaliwa mwana-kondoo mweusi. Hapo zamani watu walishangaa sana. Wengine walisema jike ametazama kitu cheusi alipokuwa na mimba. Wengine waliogopa mkosi. Ninyi mliokwisha kusikia habari za Yakobo na kondoo wa Labani katika kitabu cha Mwanzo mnajua ya kuwa fumbo hilo ni la kale.

Aliyelifumbua hakuwa mchungaji wala tajiri wa mifugo. Alikuwa mtawa na padri, jina lake Gregor Mendel.

Alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi iliyokuwa chini ya Kaisari wa Austria, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Wazazi wake, watu wa jembe, walimpa jina la Johann. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa vibaya na gogo la mti, hata nguvu za kulima zikampungukia, na fedha ya shule ikakosekana. Ndipo dada yake mdogo, Theresia, akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ndoa yake (maana kwao zamani binti ndiye aliyeingia katika ndoa na mali ya wazazi) ili kaka yake aendelee na masomo. Bila binti huyo pengine tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Mwaka 1843 aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, ya watawa wa Mtakatifu Agostino, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri. Kazi ya kuzuru wagonjwa ilimlemea, hata yeye mwenyewe akaugua kwa uchungu wa kuwaona. Abate wake, Cyrill Napp, akamtuma afundishe shuleni. Mwaka 1850 akafanya mtihani wa ualimu, akashindwa. Abate hakumkatia tamaa, bali alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma huko tangu 1851 hadi 1853.

Abate Napp tumtazame vizuri, maana kwake ndiko kondoo waingiapo katika habari hii. Brno ulikuwa mji wa viwanda vya sufu. Wafugaji wa huko walikuwa na chama chao tangu mwaka 1814, wakizalisha kondoo wa merino, ambao asili yao ni Hispania na sufu yao ni laini sana. Waliona wazi kwamba dume mzuri wa sura pengine huzaa watoto hafifu, wakabishana miaka mingi. Wengi walidhani ya kuwa damu ya baba na ya mama huchanganyika kama maziwa na maji. Mwaka 1837 Abate akawaambia waache kwanza kubishana juu ya namna ya kupandisha, wajiulize ni kitu gani hasa kinachopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kinapita kwa njia gani. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Mendel alilitafuta jibu katika njegere. Alikuwa na akili: kondoo huchukua mimba miezi mitano na kuzaa mmoja au wawili, lakini njegere hutoa mbegu tele kwa msimu mmoja. Tangu 1856 hadi 1863 alipanda karibu miche 28,000 katika bustani ya monasteri. Alifungua ua changa, akaondoa sehemu zake za kiume, kisha akatia chavua, yaani lile vumbi la ua, kutoka mmea mwingine.

Alipounganisha njegere za mviringo na zenye mikunjo, mbegu zote za kwanza zilikuwa za mviringo. Mikunjo ilionekana imepotea kabisa. Akazipanda hizo, akahesabu wajukuu: mbegu 7,324, na kati yake 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, karibu tatu kwa moja. Basi mikunjo haikupotea, ilijificha tu! Akatambua kwamba kila kiumbe huwa na vitu viwili kwa sifa moja, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na kwamba humpa mtoto wake kimoja tu. Vile vile dume mweupe na jike mweupe huweza kuficha weusi, kila mmoja kwake. Mtoto akipokea weusi pande zote mbili, huzaliwa mweusi. Hapo hakuna uchawi.

Alisoma kazi yake mbele ya wataalamu wa Brno mwezi wa Februari na Machi 1865, ikapigwa chapa mwaka 1866. Karibu hakuna aliyeelewa uzito wake. Mwaka 1868 akawa Abate, na miaka yake ya mwisho ikaliwa na ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 tu ndipo wataalamu watatu, wa Uholanzi, Ujerumani na Austria, walipoifufua kazi yake.

Lakini msidhani mambo yote ya kondoo ni mepesi kama rangi. Uzito, maziwa na nguvu ya kushinda ugonjwa hutoka katika vitu vingi vidogo vya urithi pamoja, tena majani na malisho yana sehemu yake. Katika miaka ya 1990, watafiti waliwalinganisha kondoo wekundu wa Wamasai na kondoo wa Dorper wa Afrika Kusini, wenye mwili mkubwa, katika pwani ya Kenya kusini ya Mombasa. Katika joto na unyevu ule, wana-kondoo wa Dorper walikufa wengi zaidi, kwa kuwa wale wekundu huwashinda minyoo vizuri zaidi, na nguvu hiyo huirithisha kwa watoto wao. Hata hivyo wafugaji wengi wa Kenya walikuwa wamekwisha kupandisha Dorper vizazi kwa vizazi kwa kupenda ukubwa, na wekundu halisi wamekuwa shida kuwapata.

Katika milima yetu ya Masisi na Walikale wako wengi walionyang'anywa mifugo kwa vita, nao huanza tena na jike mmoja au wawili. Mtu wa namna hiyo akiletewa dume mnene kutoka mbali, aulize kwanza watoto wa dume huyo wako wapi, wangapi wamepona masika, na mama yake alikuwa kondoo wa namna gani.