Padre Angelo Secchi, Mpimaji wa Jua na Upepo

Kila mvua za vuli zinapochelewa hapa Same, huulizwa swali lile lile baada ya Misa: je, Jua limebadilika? Ukame wetu una sababu iliyo karibu zaidi. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huacha mvua yake katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Upare, kisha hutushukia sisi wa tambarare ukiwa mkavu. Hata hivyo swali ni la haki, na miongoni mwa waliolishughulikia mapema alikuwamo padre.

Angelo Secchi alizaliwa Reggio Emilia, Italia, mwaka 1818. Alijiunga na Shirika la Yesu mwaka 1833, akapadrishwa mwaka 1847. Mwaka uliofuata Wajesuiti walifukuzwa Roma, naye akapata hifadhi Stonyhurst, Uingereza, kisha Georgetown, Marekani. Aliporejea alikabidhiwa kituo cha kutazamia nyota cha Chuo cha Roma. Kituo kipya alikijenga juu ya Kanisa la Mtakatifu Ignasi. Nguzo zilizokusudiwa kubeba kuba ambalo halikujengwa kamwe zikabeba darubini zake.

Huko juu alichora madoa ya Jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mwaka 1860 alisafiri hadi Hispania kupiga picha za kupatwa kwa Jua, na picha hizo zilisaidia kuthibitisha kwamba ndimi za moto zionekanazo pembezoni ni za Jua lenyewe. Wakati huohuo alibuni mashine iliyojiandikia yenyewe, usiku na mchana, mwendo wa upepo, mvua, joto na kanieneo ya hewa. Mashine hiyo ilitunukiwa tuzo kuu katika maonyesho ya Paris mwaka 1867.

Aliamini kwamba misukosuko ya sumaku ya dunia inahusiana na dhoruba za angani. Uhusiano wa sumaku hiyo na Jua umethibitika. Ule wa dhoruba haukuthibitika kama alivyotarajia. Leo twajua kwamba madoa yakiwa mengi, mionzi ya urujuanimno huongezeka, hupasha joto ozoni iliyo makumi ya kilomita juu yetu, na upepo wa huko hubadilika. Athari inayofika chini ni ndogo, tena wataalamu wangali wakibishana juu yake. Kwetu Afrika Mashariki tuna onyo: mwaka 1923 mtaalamu Brooks alionyesha kwamba kina cha Ziwa Viktoria hupanda na kushuka pamoja na madoa ya Jua. Miaka michache baadaye ulinganifu huo ukavunjika. Kwa hiyo atakayekuuzia utabiri wa vuli kwa kuhesabu madoa, usimpe fedha yako ya mbegu.

Mwaka 1870 majeshi ya Italia yaliteka Roma, na baadaye serikali ikatwaa Chuo. Padre Secchi hakumwacha Baba Mtakatifu, wala hakuziacha darubini. Aliendelea kuongoza kituo chake hadi alipofariki tarehe 26 Februari 1878, siku 19 baada ya Papa Pio wa Tisa.